Kona ya Chini, Kulia

Duka letu liko Shauri Moyo, mlango wa tatu
ukishampita muuza magurudumu ya mikokoteni.
Tunatoa kopi, tunalamineti vyeti,
picha nne za pasipoti kwa dakika tano,
na kwa shilingi mia tano tunaweka tarehe.

Rangi ni ya chungwa. Wapo wanaotaka nyeupe,
lakini chungwa ndiyo inayoaminiwa:
kamera za zamani ziliandika hivyo
na mabwana wa ofisini wamekua nazo.

Asubuhi alikuja fundi Ngwale
na picha ya mtaro wa Buguruni.
"Nirudishe wiki mbili nyuma," akasema, "kabla ya mvua."
Nikamrudisha. Vidole havikutetemeka.
Pembeni mwa zege, kwenye picha, kuna chura.
Hakuniuliza, sikumwambia.

Kisha Bi Mwanakombo wa Mchikichini
akatoa kadi ya kamera kwenye pakiti ya panadoli.
Picha mia mbili na kumi na moja,
na zote, toka ya kwanza hata ya mwisho,
ni tarehe mosi Januari elfu mbili na tano,
saa sita usiku na dakika kadhaa.
Kamera ile betri ikitoka husahau kila kitu,
wala hakuna aliyewahi kuikumbusha.

Basi ndani ya siku moja hiyo
mjukuu amezaliwa, ameota meno, ameanza kung'oka;
geti limepakwa kijani, kisha bluu;
ghorofa la jirani limepanda toka nondo hadi orofa ya tano;
na Chande, mumewe, amenenepa, amekonda.

"Zipange," akasema, akavuta kiti.

Akawa anasoma kuta, mimi naandika.
Geti bluu: baada ya harusi ya Mtumwa.
Orofa tatu: mwaka ule wa mgawo wa maji.
Pengo la mbele: kabla ya shule, andika Desemba.
Hakukosea hata mara moja, au alikosea
kwa namna ambayo hakuna wa kumsahihisha.

Ikabaki moja.
Giza, mmweko wa kamera umempiga Chande pajini.
Amepakata feni ya mezani aliyoifumua,
bisibisi iko mdomoni.

"Hii lini?"
"Usiku wa Ijumaa."
Nikabonyeza Ijumaa.
"Siyo hiyo. Nimesema usiku wa Ijumaa."
Nikarudi Alhamisi.
"Alhamisi ilikwisha magharibi, mwanangu.
Mwezi nane, Mfungo Sita. Saa tatu."
Nikaandika tatu, mashine ikaelewa
kwamba mji mzima umelala.

Kisanduku kina nafasi nane za tarakimu,
mikwaju miwili,
hakina mlango wa magharibi.
Kwa Ngwale kilifunguka bila hodi.

Nikaifunga programu ile,
nikafungua tunayotumia kwa kadi za harusi,
nikachagua chungwa lilelile
na kuandika herufi kwa herufi, kama alivyotamka:
*usiku wa kuamkia Ijumaa, mwezi nane Mfungo Sita,
umeme hakuna, anasema subiri kidogo.*

Maneno yakatoka konani, yakapita juu ya magoti,
yakaikata feni katikati.
Nikataka kupunguza herufi.
"Yaache yapite," akasema.

"Na feni, ilipona?"
"Inapiga kelele. Silali bila hiyo."

Nikamtoza mia tano, ya picha moja.
Akaipuliza karatasi ingawa wino ulishakauka,
akaitia kwenye bahasha ya kaki, akaondoka
upande wenye kivuli.

Nyuma yake alisimama kijana na simu mkononi.
Alitaka tarehe ya kesho.